Mikono ya Kijiji Kizima

Kaoze,
3 Juni 1975

Kaka Zenon,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi na watoto? Sisi wazima, ila mpwa wako Bertilla ananitia hofu. Tangu azaliwe, miezi mitano sasa, ngozi yake hutoa malengelenge kila inaposuguliwa, hata na ukosi wa gauni, kisha inachubuka. Hapa kijijini tulipohamishiwa wengine wanasema ni ndui, wengine ukoma, wengine eti namuunguza kwa maji ya moto. Mama Cornelia akiniona kisimani anaondoka na ndoo yake haijajaa. Mwisho wa mwezi kuna mkutano. Wanataka mimi na mtoto tukakae porini, na baba yake hatutetei. Kaka, porini kuna fisi. Niulizie hapo hospitali unapofanya kazi. Naogopa.

Mdogo wako,
Fransiska

Sumbawanga,
14 Juni 1975

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, baridi tu inatutesa. Nimemuuliza daktari. Si ndui, si ukoma, wala hujarogwa. Ni ugonjwa wa ngozi, mtoto kazaliwa nao. Umetoka katika damu yako na ya mumeo, ingawa ninyi hamkuugua. Dawa ya kuumaliza hakuna. Usimsugue, mvike kitambaa laini. Na watu uwasomee haya mkutanoni, tena kwa sauti: hauambukizi! Anayebisha na amshike mtoto, aone kama atapata hata kipele.

Kaka yako,
Zenon

Kaoze,
30 Juni 1975

Kaka,

Shikamoo. Siwezi kusema sisi wazima.

Barua yako aliisoma mwenyekiti mwenyewe. Alipofika pale pa kumshika mtoto akaikunja, akasema hospitali imeshasema, basi asibaki mtu nyuma: kila nyumba kumi zitoke kwa zamu, zimshike. Watu wakapiga makofi. Niliiona ile mikono, kaka, imekakamaa kwa jembe. Nikajua nikikataa watasema naficha ukoma. Nikamtoa. Mimi mwenyewe nilimkabidhi mtu wa kwanza.

Walikuwa wapole. Walimbembeleza, wengine wakaniomba radhi. Zamu ya nne ilipofika alishaacha kulia. Nilirudishiwa mwanangu, mgongo na mapaja vimemenyeka kama kiazi kilichochemshwa. Tangu jana hanyonyi.

Hakuna tena anayetaka tuhame. Mama Cornelia yuko mlangoni sasa hivi, amenawa mikono, anaomba ampakate kidogo nami nipumzike.

Mdogo wako,
Fransiska