Mama wa Kuazima

Jumanne, 5 Novemba 2024

Ndahiro amekuwa direkta! Mwezi uliopita alikuwa anapiga video za harusi, leo ana skafu shingoni na anazungumza taratibu. Anatengeneza filamu fupi, dakika kumi, kuhusu mwanamke anayebeba nyanya kichwani kuvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma. Mimi nashika maiki. Nimemuuliza kwa nini hadithi hiyo. Akajishika kifua: "Mwiza, hii iko maumivu yangu ya ndani."

Maumivu gani? Mama yake, Vestine, alistaafu ofisi ya wilaya, hajabeba hata kitunguu. Aliyebeba nyanya ni mama yangu. Shule nimesoma kwa kichwa chake. Na sasa Ndahiro anataka mama aigize, na mama kakubali kabla sijafungua mdomo. Bon, sawa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimecheka hadi mbavu zinauma! Direkta alitaka wanawake wabebaji, wenzake mama, waliochakaa. Aliwaambia tu: "Mukuje vile muko." Wamekuja na vitenge vya harusi, nywele zimesukwa, mmoja wao, Kabatesi, na rangi ya mdomo. Nani anapigwa picha na nguo za kazi? Mama kavaa viatu vya kanisani. Ndahiro karibu alie: "Mateso iko wapi?" Mama akamjibu: "Mateso tuliacha ku nyumba, mutoto wangu. Leo iko picha."

Akawaomba basi wavue viatu. Polisi akafika hapo hapo: hapa hakuna kutembea peku, sheria inakataza, vaeni. Direkta akamweleza sanaa. Polisi akasikiliza vizuri sana, halafu akasema: vaeni.

Mwisho akamkalisha mama peke yake, asimulie tu. Na mama akasimulia. Mvua, kikapu, uchungu ulivyomshika kwenye foleni ya mpaka, wanawake wakamzungushia vitenge, nikazaliwa pale. Nilijua nimezaliwa mpakani. Sikujua aliogopa vile. Nikamsogezea maiki karibu zaidi.

Jumamosi, 23 Novemba

Imeonyeshwa leo, ukumbi wa vijana. Ni nzuri, nakiri kwa hasira. Sura ya mama ukuta mzima! Halafu maswali. Mgeni kutoka Kigali akauliza nini kilimsukuma direkta. Ndahiro akajishika kifua – anajua kujishika, yule! – akasema: "Mi nilizaliwa ku foleni ya mupaka. Mama yangu alibeba nyanya."

Watu wakalia. Mwizi! Kaniibia hadi kuzaliwa kwangu! Vestine, kiti cha mbele, akamwambia jirani kwamba huyu alizaliwa maternité, hospitalini, na voiture, gari kabisa, ilimleta nyumbani. Makofi yakammeza. Mama alifuta machozi tu, sikumuuliza ya nini.

Jumatatu, 25 Novemba

Filamu imechaguliwa kwa tamasha la Kigali. Ndahiro kaja na mkate na fanta, hanitazami. Wanataka "mama wa direkta" jukwaani. Vestine kakataa katakata, hatasimama mbele za watu aitwe mbebaji. Donc, basi, anamwomba mama yangu. Siku moja tu, anasema! Nimemwambia nitasimama ukumbini niseme nani alizaliwa kwenye foleni. Akasema: sawa, watu wa tamasha wataiondoa filamu, na mama yako hataonekana na mtu. Mshenzi! Na ni kweli.

Tangu ameondoka, mama anapiga pasi kitenge. Kigali hajawahi kuitwa na mtu. Nimeingia kumwambia asiende. Kabla sijaanza kauliza, macho kwenye pasi: "Mwiza, nikisimama kule, we utakuwa mutoto ya nani?"