Sakafu Tuliyoipanga Keumbu

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Keumbu, miaka miwili baada ya kukuzika. Nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Unaikumbuka ile Ijumaa niliposhuka kutoka Nairobi na karatasi kwapani? Ofisini nilikuwa mwanamke pekee kati ya wachoraji ramani za majengo, na mkubwa wetu alikuwa amenipa kazi ambayo wenzangu waliikwepa: kupanga chumba cha kompyuta. Mashine ilikuwa njiani kutoka ng'ambo. Nyaya zake nene na hewa baridi ya kuipoza zilitakiwa zipite chini ya miguu ya watu, kwa hiyo juu ya saruji ilibidi tujenge sakafu ya pili, iliyoinuliwa futi moja, ya vipande vinavyofunuliwa. Ramani ilitakiwa Jumatatu. Nikikosea, sikutegemea kupewa kazi nyingine ya maana.

Nilitaka uitazame jioni ile ile, lakini jua lilikuwa linatua na Sabato inaingia. "Kemunto," ukaniambia, "hiyo mashine haifiki kesho. Tuabudu kwanza." Jumamosi nzima nilikaa kanisani kama niliyekalia siafu!

Jumapili, kabla chai haijapoa, ulikuwa umeshafagia karakana yako ya useremala. Ulisimamisha vigingi vya futi moja, ukalaza mbao juu yake, ukaweka pimamaji kuona kama zimelala sawa, ukaniambia nipande. Nikapanda. Ukapanda nawe. Tukarukaruka pale juu mpaka Mama akachungulia dirishani: "Mmepatwa na nini nyinyi wawili?"

Kisha ukashuka, ukausukuma mlango wa karakana ufungukie ndani. Mlango ukagonga mbao zetu, ukakwama.

"Kwenye karatasi yako, mlango unafungukia wapi?"

Nikatazama. Ndani.

"Na hiyo mashine ni nzito kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe watatu, Tata."

"Sasa itaruka hiyo futi moja?"

Nilikuwa nimehesabu kila kigingi, nikasahau namna ya kuingia! Hukunicheka. Ulichonga penseli yangu kwa patasi, ukanirudishia. Tukaugeuza mlango ufungukie nje, tukachora, kuanzia kizingitini kuingia ndani, mteremko wa mbao ngumu wenye urefu wa futi kumi na mbili, ili watu waisukume mashine bila kuinyanyua.

Jumatatu mkubwa aliitazama ramani kutoka pembe hadi pembe. Mwishowe akaweka kidole juu ya mteremko.

"Hili umefundishwa na nani?"

"Na baba yangu. Ni seremala, Keumbu."

Mchoraji mmoja akacheka. Mkubwa hakucheka. "Mwambie aje aone ikiingia."

Nawe ulikuja siku mashine ilipofika, umevaa koti lako la kanisani. Wanaume wanane walisukuma. Ile mashine ikapita mlangoni bila kugusa popote, ikapanda mteremko polepole, ikasimama. Sakafu haikulia hata kidogo. Ulikuwa umenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu ukaomba kipande kimoja kifunuliwe, ukapiga magoti, ukachungulia nyaya zilivyolala mle chini. "Watakaotembea hapa hawatajua kazi hii ni ya nani," ulininong'oneza kwa Kikisii. "Sisi tunajua. Inatosha."

Baba, juzi nilikabidhiwa chumba kingine, kikubwa mara mbili ya kile, na wachoraji watatu wa kuwaongoza! Nilitoka ofisini mbio, nikafika kituo cha mabasi ya Kisii, nikiwa tayari kwenye foleni ya tikiti ndipo nikakumbuka kwamba hupo. Nikasimama pale nikicheka huku machozi yakinitoka.

Nikakata tikiti hata hivyo. Jana Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kila kigingi na kila waya. Nilipomaliza, akavuta kigoda karibu, akaniomba nianze tena.

Pumzika salama, Tata.

Binti yako,
Kemunto