Kamsuli ka Kisogoni

Jumatatu, 3 Machi
Nyasi za ng'ombe wangu Malkia, mzigo wa kwanza. Kichwa kimeuma tangu bondeni, kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho. Mwanangu Kevo yuko nyumbani, likizo ya chuo. Mwaka wa pili wa kusomea kukanda watu na anatembea kama daktari mkuu. Alisimama kati ya maua yangu akinitazama nikitua mzigo, akatikisa kichwa. Upuzi.

Jumanne, 4 Machi
Amenikalisha kwenye stuli. Eti kuna kamsuli pale juu kabisa chini ya fuvu, kadogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kazi yake kuinua uso na kuujulisha ubongo kichwa kiko wapi. Miaka sitini na moja najua kichwa changu kiko wapi. Kisha akabonyeza, maumivu yakaruka hadi jichoni. Nikamwambia sikusikia kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa kosa ni la mkanda wa kubebea mzigo. Eti nauvaa kwenye paji, nainama na mzigo mgongoni, halafu nainua uso kuona njia. Hapo kamsuli kanakazwa mpaka nifike.
"Mum, si uuze tu Malkia? Hiyo shingo itaisha."
Kumuuza Malkia! Maziwa yake ndiyo yamemsomesha hiyo dharau. Mamangu alizikwa na alama ya mkanda kwenye paji na hakuwahi kumlilia mtu kisogo. Nimekasirika hadi nikaunguza ugali.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimwambia Kevo kwamba Malkia hauzwi, nyasi abebe yeye. Nilijua hatabeba. Hapa Kabazi mwanamume havai mkanda. Hubeba begani, mzigo kidogo, kelele nyingi. Alijaribu begani, nyasi zikamwagika mteremkoni mara mbili. Jirani yangu Mama Wairimu alicheka hadi akashika uzio. Mara ya tatu Kevo akavaa mkanda wangu kwenye paji, mchana kweupe. Mkao mbaya ajabu. Nilimwonea aibu.

Jumatano, 12 Machi
Bado anabeba. Asubuhi nilimkuta nyuma ya zizi akijikanda kisogo, akidhani simwoni. Anajua kitabu chake kinasemaje, na bado anauvaa. Mjinga kabisa.
Mimi kichwa hakijauma tangu Jumapili. Sijamwambia.

Ijumaa, 14 Machi
Amerudi chuo Nakuru. Mvua kidogo. Nimeng'oa maua yote mbele ya nyumba, nikapanda nepia, nyasi za Malkia, hatua kumi kutoka zizini. Akiuliza, nitasema maua yalikuwa yamenichosha.