Kafuri Ile Usiilete Tena

Dunda,
Bagamoyo.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa kaka Abdulnasir,

Naila wangu alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari, akiwa na miaka miwili na nusu. Naanza na hilo kwa sababu simu yako ya mwisho ilianza na joto la Maskati ikaishia na "subira, Zuwena," na jina la mwanangu hukulitaja.

Sasa salamu. Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kuku wangu wa Makurunge wanataga, na mgongo wa Shangazi Batuli umepata nafuu. Barua hii atakukabidhi Hajra, binti wa jirani, anayepanda ndege kesho. Sauti ninazokutumia kwenye simu huzisikilizi. Karatasi angalau utaishika.

Asubuhi ile nilimwacha Naila kwa Shangazi, ana kikohozi tu. Niliporudi nilikuta madirisha yamefungwa, mtoto kafunikwa kaniki, na fukizo linamfuka usoni. Macho yamepinda, mikono imekakamaa, mwili mzima unatikisika.

"Ndege kampitia," Shangazi akasema. Nilipotaka kumbeba akanishika mkono: "Ukimpeleka wakamdunga, unamzika! Degedege na sindano haviendani!" Nikambeba hivyo hivyo, naye ananifuata nyuma akiniapiza njia nzima.

Hospitali, nesi alimwinamia kinywani, akainua kichwa akaniuliza, "Dada, kwenu mna maiti? Mbona mtoto ananukia kafuri?"

Hapo ndipo Shangazi aliposema. Alimnywesha kijiko cha mafuta yake ya kifua, yale anayoyatengeneza kwa kafuri unayomletea wewe. Alipoona anaanza kutikisika, akamwongeza cha pili.

Walimlaza ubavu, wakampa hewa. Malaria hakuna, sukari ya damu iko sawa. Wakampa dawa ya kutuliza mtukutiko. Ukatulia, ukarudi, wakampa tena. Ukakoma. Na pumzi nazo zikakoma, na mashine ya kupumulia haikuwepo.

Daktari alinikalisha akanieleza. Degedege si ndege, ni alama kwamba ubongo umeingiliwa. Malaria kali huleta, sukari ikishuka huleta, na sumu huleta. Kafuri haina dawa ya kuifuta mwilini. Mtoto huwahiwa tu, akatulizwa, akasaidiwa kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe. Asitapishwe, asinyweshwe chochote. Hata kumpaka mtoto mdogo hakufai, sembuse kumnywesha. Na sindano, kaka, haiui mtoto wa degedege. Kinachoua ni kuchelewa.

Unanijua, mimi chakula cha kuku nakichanganya kwa mizani. Shangazi huyeyusha gramu mia moja za kafuri katika nusu lita ya mafuta ya nazi. Basi kijiko kimoja cha chai kina gramu moja. Daktari anasema gramu moja yatosha kumuua mtoto wa umri ule. Naila alipewa mbili.

Siku ya maziko, mwosha aliponiomba kafuri ya maji ya mwisho, nilimwambia, "Anayo tayari." Watu wakasema nimekufuru. Sijakufuru. Ajali yake aliiandika Mwenyezi Mungu, na nimekubali. Lakini katoni ya kafuri uliiandika anwani wewe.

Unasema nisimvunjie heshima mzee, wala duka la marehemu baba, Shangazi anakouzia mafuta yake. Shangazi ndiye aliyenilea, na jeneza lilipotoka alianguka chini mbele yangu. Simchukii. Ila Alhamisi nimemkuta tena na chupa na kijiko, mtoto wa Husseni seremala kampakata, anamwimbia. Nilimpokonya kijiko.

"Wewe wa kuku ndio utanifundisha kulea? Nimelea kumi na mmoja!"

Nikamwambia, "Na wa kumi na mbili yuko makaburini."

Alilia, nami nikalia. Lakini chupa imerudi kwenye rafu. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, maana ni mkubwa wetu na mzigo unatoka kwako. Na huyo binamu yetu Sadallah kasema anaingia Jumamosi na katoni nyingine.

Msalimie sana wifi Nadhira, na wanao wote, na umbusu kitindamimba wenu niliyesikia naye ana kikohozi. Mwenyezi Mungu awalinde na awakuze, asiwaonjeshe nilichokionja.

Nipigie kabla ya adhana ya Ijumaa hii, tarehe 14. Sitaki "nitaliangalia," wala "tuongee ukipoa." Nisipokusikia, watu wakitoka msikitini watanikuta nimesimama kwenye baraza ya duka la baba, nawahesabia gramu za kijiko kimoja, mbele ya Shangazi, na nitawaambia kafuri inatoka kwa nani.

Unaizuia, au huizuii?

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyenyamaza,
Zuwena