Usinisubiri Kwenye Moshi

Yaeda Chini

Mke wangu Mama Rehema,

Pokea salamu zangu. U hali gani, na kifua chako kinakuruhusu kulala? Mimi ni mzima kwa kiasi, na kiasi hicho nitakieleza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu huku mtandao hupatikana juu ya kilima kilicho nyuma ya shule, nami tangu juma lililopita sikiwezi kilima hicho. Nimejaribu mara mbili. Mara ya pili niliketi kwenye jiwe katikati ya njia, wanafunzi wangu wakanipita na "Shikamoo, mwalimu," nami nikashindwa kuitikia.

Chanzo ni moshi. Wafugaji waliwasha nyasi kuukuu, kama wafanyavyo kila kiangazi, ili mvua ikinyesha yaote majani mapya ya ng'ombe. Safari hii upepo uligeuka, moto ukapanda milimani, na moshi ukakaa bondeni siku nyingi. Asubuhi hatukuliona hata zizi la jirani.

Jirani huyo ni Gidamis, mfugaji. Mke wake ana pumu kama wewe. Alipoanza kukohoa, nilikwenda kwao nikaamuru mlango ufungwe na matundu yote ya ukuta yazibwe kwa samadi mbichi. Waliziba vizuri sana, kwa kuwa aliyesema ni mwalimu na ni mzee. Sikuuliza habari ya moto wa kupikia. Nyumba yao ni ya chumba kimoja, na mafiga yamo humo humo. Mama yule alipika humo, na moshi haukuwa na pa kutokea. Siku ya pili hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutweta, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Muuguzi wa zahanati aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ulimfungia ndani na mafiga yanawaka?"

Nilijibu, "Ndiyo."

Mama huyo alipelekwa hospitali kwa pikipiki. Amerudi, lakini kisimani hafiki tena. Gidamis ndiye anayebeba ndoo, na wanaume wenzake wanamcheka njiani. Jana alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, umeshanifanya mke. Basi nitafutie na kanga." Alicheka. Mimi sikuweza.

Sasa nisikilize. Katika barua yako uliniomba ruhusa ya kwenda Babati kwa binti yetu mpaka moto wa mlima ulio juu ya kijiji chetu uishe. Nilikujibu kwa ukali kwamba nyumba haiachwi mbaazi zikiwa zimeanikwa uani, na kwamba unisubiri mpaka nirudi. Juzi mchuuzi wa mbuzi aliyetoka mnadani Katesh alinieleza kwamba moshi wa mlima huo umeshuka mpaka mashamba yetu ya Masakta. Agizo langu nimelifuta. Ondoka siku utakayoipata barua hii. Mbaazi mwachie ndugu yako, shemeji yangu; zikiibwa, zimeibwa. Dawa yako ya kuvuta ishike mkononi, usiifungie katika begi. Ukipika kabla ya kuondoka, usijifungie na moto. Ukiona maneno yanakukatika, usingoje basi la asubuhi. Shemeji atafute gari lolote, uende hospitali.

Muuguzi amenitaka nami nikapimwe kifua. Nitakwenda, ingawa barua hii peke yake nimeiandika kwa siku mbili. Usidhani nimenuna kwa kuwa sipigi simu. Ni kilima tu.

Msalimie shemeji yangu, ndugu yako wa pekee, na umwambie ninamtegemea. Mama mkwe apokee shikamoo yangu. Rehema, binti yetu, akuandalie chumba chenye dirisha, mbali na jiko. Katekista jirani yetu atuombee mvua.

Nikifika Masakta nikakuta mlango umefungwa na uani hapana mtu, sitanung'unika.

Mumeo,
Baba Rehema