Visima vya Polisi

Jumatatu, 3 Machi
Na bado sijazoea. Wiki tano za ndoa, tatu kati ya hizo nipo peke yangu. Mume wangu yuko bondeni na kikosi chake cha polisi, wanawatenganisha wafugaji na wakulima wanaogombea maji. Shati lake bado liko kwenye msumari, lina harufu yake. Jamani nampenda yule mtu. Ofisini wananiita Bi Harusi. Leo nimechapa kurasa arobaini za mpango wa usalama wa mkoa – "maendeleo endelevu" mara ishirini na sita. Mgongo hauna hali.

Jumatano, 5 Machi
Amepiga simu! Dakika nne, mtandao ukakata. Sauti imechoka. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema, mke wangu, hawa watu hawachukiani, wana kiu. Wakichimbiwa visima, kesho yake niko nyumbani. Nimechapa siku nzima huku nawaza visima.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Kamati ya usalama imekaa, kila mtu na nakala yake. Ukurasa wa thelathini na moja: "Vijengwe visima sita vya polisi bondeni." Vituo! Ilitakiwa vituo. Kamanda akasoma kwa sauti, akauliza kama askari wake watakuwa wanachota wezi kwa ndoo. Kicheko. Nilikuwa pembeni naandika muhtasari, nikatamani ardhi inimeze.

Mhandisi wa maji hakucheka. Akasema ameiomba kamati hii visima miaka mitatu, anaambiwa hayo ni mambo ya idara yake, si ya usalama. Akamuuliza kamanda, hivyo vituo askari watakaa hadi lini? Kamanda akavua miwani, akaifuta.

Uamuzi umeahirishwa wiki moja. Visima au vituo. Vyote viwili haviwezekani, fedha za mwaka huu hazitoshi.

Jumatatu, 10 Machi
Katibu wa kamati anataka nakala mbili, moja ya visima, moja ya vituo. Hii ya vituo vidole vimegoma. Kila ninapoandika "vituo" namfungia mume wangu huko. Dada wa mapokezi akapita: "Shoga, usikosee tena." Akarudi hatua mbili: "Au kosea vizuri."

Alhamisi, 13 Machi
Mume wangu amepiga tena, nimemsimulia. Amecheka hadi akakohoa – eti nimechimba visima sita nikiwa nimekaa kwenye kiti. Halafu akanipa habari nyingine. Jana wafugaji na wakulima wamegombana tena mtoni, amembeba majeruhi mgongoni hadi zahanati. Hajui kama atapona.

Ijumaa, 14 Machi
Kamati imeingia saa tatu, sasa saa saba. Leo sikuruhusiwa kuingia, katibu anaandika mwenyewe. Mlango umefungwa. Mara moja tu umefunguliwa: kamanda ameomba ramani ya bonde na kalamu nyekundu. Nikampa. Hakunitazama.

Nimechoka kukitazama kitasa. Nimemwandikia mume wangu ujumbe: visima au vituo, ruhusa ya kazini nipewe nisipewe, kabla mwezi huu haujaisha nakuja huko bondeni. Shati lako nakuja nalo. Sijalifua.