Debe Nililolisugua kwa Majivu

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, Othaya yote ni tope. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Wairimu bado anapumua. Naanza na hilo kwa sababu sina lingine la kushikilia. Nimemwacha wodini Nyeri na mama yangu, nikarudi nyumbani kuchukua debe letu la maji. Daktari anataka kuliona.

Jana asubuhi mtoto alikunywa uji. Muda si muda akaanza kutokwa na jasho na mate, kisha akarukaruka mikononi mwangu kama kuku aliyechinjwa. Ana miaka minne tu. Baba yake alikuwa na jibu tayari, na kijiji kizima kilikuwa nalo: ni mto. Tangu tuanze kupanda kahawa yetu wenyewe baada ya Uhuru, kila msimu wa kuvuna mashimo ya maji machafu ya kiwanda cha kuoshea kahawa yanajaa, na jirani yetu Kariuki, mtu wa mashine pale kiwandani, anafungulia maji machafu yaingie mtoni. Mto unanuka, watoto wanaharisha. Juzi bwana afya alichota maji kwenye chupa akayapeleka kupimwa, akasema tungoje majibu.

Nani wa kungoja?

Mimi pia nilimlaani Kariuki. Nilimlaani njia nzima mpaka Nyeri, kwa sauti, mtoto akiwa mapajani.

Daktari alimfunua Wairimu macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamdunga dawa, akamtazama, akamdunga tena. Ndipo akanigeukia.

"Mama, maji ya kahawa haifanyi mtoto hivi. Hii ni dawa ya kunyunyizia wadudu. Unachota maji na nini?"

Kwa debe. Debe zuri lenye mfuniko, alilolileta Baba Wairimu wiki hii kutoka shamba kubwa anakonyunyizia dawa, maana la zamani lilikuwa linavuja. Nilifurahi hadi nikamchinjia jogoo. Nikalisugua kwa mchanga na majivu, kama wanawake wote wa huku tunavyosugua, mpaka likang'aa na harufu ikaisha. Na maji yake niliyachemsha! Kila tone, kama tulivyofundishwa kwenye kikundi cha akina mama.

"Kuchemsha inaua wadudu ya tumbo," daktari akasema. "Hii sumu haiendi, hata usugue mwaka mzima. Niletee hiyo debe nione jina ya dawa. Lakini toboa kwanza, mtu asichote nayo tena."

Leo mchana nilishuka gari karibu na kiwanda. Barabarani kulikuwa na damu ambayo mvua haikuwa imemaliza kuiosha. Wanaume walikuwa wamemtoa Kariuki kwenye mashine wakampiga kwa mipini ya majembe. Mkono umevunjika, jicho la kushoto limekwisha. Alikuwa ameshapelekwa hospitali kwa lori. Mkewe, Mama Njeri, alikuwa akiokota kiatu chake kwenye tope.

Niliinamisha kichwa nikapita.

Baba Wairimu nilimkuta mlangoni, shati limelowa damu. Alikuwa anatabasamu.

"Tumemaliza yeye, Mama Wairimu. Hatamwaga uchafu kwa mto tena. Nimefanya hivyo juu ya mtoto yetu."

Kisha akanyoosha mikono, kama afanyavyo kila siku akitoka shambani, nimmiminie maji anawe.

Maji yote nyumbani yalikuwa kwenye lile debe.

Nikachukua panga. Aliruka nyuma akidhani nataka kumkata yeye, na kwa muda kidogo hata mimi sikuwa na hakika. Nikalikata debe, nikalikata tena, maji yakamwagikia miguu yake, huku nikimpigia kelele: ni dawa yako! Ni dawa yako na majivu yangu! Akakaa chini pale pale kwenye maji. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Nilileta mbili," akasema. "Ile ingine nilipatia Kariuki."

Nilikimbia hadi kwa Kariuki na panga mkononi, sikukumbuka kuliacha. Mama Njeri aliponiona hivyo alifunga mlango. Niliupiga teke ukafunguka. Watoto wake walikuwa wameshika vikombe, uji unachemka. Nikaipindua sufuria. Alinipiga kichwani kwa mwiko, mara nyingi, na sikumzuia. Nililitoboa debe lake akiendelea kunipiga, nikimwambia ni sumu, ndiyo iliyomwangusha Wairimu, si mto.

Hapo mkono wake ukasimama.

"Na mwanaume yangu mlimpiga ya nini?"

Nilibeba debe lake nikatoka. Sasa damu imenikauka kwenye nywele, na madebe mawili yaliyotobolewa yako hapa miguuni pangu. Kesho ninayapeleka Nyeri kwa daktari. Kariuki amelazwa huko huko, na sijui nitasimama vipi mbele ya kitanda chake.